Madebe Mawili Mbele ya Baraza

Vijana wa ofisini waliponiandalia chai ya kuniaga, mmoja wao aliniomba niwaachie siri ya kazi. Alikuwa anamaanisha blogu na hii mitandao ya kijamii ambayo nimeishughulikia kwa niaba ya shirika letu miaka ya mwisho. Nilimwambia nitaiandika, maana nikiisema kwa mdomo watasikia nusu, nusu nyingine watakuwa wanatazama simu. Basi ndiyo hii. Msitafute humu mshahara wangu wala cheo. Mshahara mnaujua kwa sababu wenu unafanana nao, na cheo kilibadilishwa jina mara nne huku meza ikibaki ileile.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama wa watoto watatu mwenye cheti cha kupiga taipu. Ofisi ilikuwa hapahapa Machakos mjini, nyuma ya soko, vyumba viwili na choo cha kuazima kwa jirani. Shirika lilisaidia vikundi vya mwethya, yaani majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu, kuchimba matuta mashambani na kujenga mabwawa ya mchanga mitoni. Kwa asiyeyajua: ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa juu ya mwamba, kukatiza mto unaopita maji wakati wa mvua tu. Mvua ikinyesha mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake hadi kiangazi. Kazi yangu mimi ilikuwa jarida la kurasa nne la kuwaeleza wakulima habari hizo.

Siku ya kwanza nilipewa taipureta, stensili kumi na kichupa cha wino mwekundu wa kusahihishia ulionuka kama rangi ya kucha. Ukikosea herufi ulipaka wino, ukasubiri ukauke, ukapiga tena polepole. Stensili moja ilivumilia makosa sita au saba. Yakizidi, ilichanika kwenye mashine ya kurudufu na wino ukakuchafua hadi kwenye viwiko, kila mtu akajua umefanya nini asubuhi hiyo. Kwa hiyo nilizoea kusoma sentensi mara tatu kabla ya kugusa kitufe. Nyinyi mna kitufe cha kufuta, na nimeona mnavyokitumia, yaani baadaye.

Kila habari ya jarida ilimalizika kwa maelekezo ya njia: ukishuka Matuu shika barabara ya vumbi, ukifika kanisani pinda kushoto, ulizia nyumba ya mwenyekiti. Haikuwa mapambo. Sisi Wakamba hatuamini shamba la kusimuliwa. Kikundi kikisikia wenzao wamevuna maji, kilikodi gari kikaenda kujionea, kikagusa ukuta, kikaonja maji, ndipo kikarudi kubishana. Jarida bila njia lilihesabiwa kuwa porojo.

Msomaji wangu mkali kuliko wote alikuwa Fundi Muli, aliyesimamia ujenzi wa mabwawa yetu. Miwani yake ilifungwa kwa uzi wa mkonge, na mtaimbo wake ulikuwa mrefu kumshinda mwenyewe. Aliutumia kupima mwamba chini ya mchanga: anaudunga, anasikiliza unavyolia, anasogea hatua mbili, anadunga tena. Jarida likitoka alilisoma lote amesimama mlangoni, kisha anaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii uliona, ama uliambiwa?"

"Niliambiwa, Fundi."

"Basi andika uliambiwa. Si aibu."

Kwangu ilikuwa aibu. Nilikuwa napenda sana kuonekana ninajua, na huo ugonjwa haukupona haraka, kama mtakavyoona.

Kompyuta ililetwa mwishoni mwa miaka ile. Nilikuwa nimepita arobaini na nikaishika ile mausi kama mtu aliyeshika yai la mwenyewe. Baadaye intaneti ikafika mjini, na kwa kuwa ofisi haikuwa nayo, nilitumwa saiba, duka la intaneti ya kulipia, kila Jumanne na Ijumaa. Saiba ilikuwa ya Hassan, kijana wa Kisomali ambaye ndugu zake wote walikuwa wafanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe. Yeye peke yake ndiye aliyekataa mifugo, na nyumbani walikuwa bado wanamwombea. Ndiye aliyenifungulia blogu ya shirika, nikiwa na miaka hamsini na ushee. Alinionyesha kupunguza picha ili ifunguke upesi, kujua watu wangapi wamesoma na kutoka wapi, na kujibu maoni yao.

"Mama Ndinda," aliniambia akisoma makala yangu ya kwanza, "unaandika kama barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya. Mtu akisoma hii atatafuta mahali pa kuweka muhuri."

Nilijifunza. Nilinunua daftari, nikaandika kila jambo jipya alilonifundisha, nikalirudia nyumbani kwa kichwa huku nikipika. Mwaka mmoja baadaye blogu ilikuwa na wasomaji waliokuwa Mombasa, Nairobi na ng'ambo, watoto wa Ukambani waliotaka kujua kama nyumbani kumenyesha. Walianza kuniita mtaalamu. Neno tamu lile, na mimi nililila bila kutafuna.

Ndipo nikaandika makala iliyonitia matatani. Kulikuwa na bwawa jipya upande wa Matuu, lililojengwa na mwethya wa akina mama wakiongozwa na Mama Syombua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Baada ya mvua ya masika lilijaa kwa mara ya kwanza. Nilikwenda na kamera, nikapiga picha nikiwa ukingoni, viatu vyangu safi, nikarudi mjini. Niliandika kwamba bwawa limejaa mchanga hadi juu, mchanga mweupe, wa chengachenga, unaopendeza kama sukari ya kahawia iliyooshwa. Mwishoni, kwa mazoea ya jarida, nikaweka njia yote, hadi ile kona ya kanisani.

Msomaji mmoja akauliza chini yake: je, mchanga huo ukiondolewa? Sikujua. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza. Fundi Muli alikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, lakini mtaalamu hatoki kitini kwenda kuuliza. Nikajibu: "Ukiondolewa si neno, mvua itakayofuata italeta mwingine." Nikalipa saiba, nikaenda zangu sokoni.

Wiki mbili baadaye Hassan alinipigia simu ofisini. "Mama, kuna jamaa hapa ameprinti makala yako kurasa zote, hata yale maoni. Ananiuliza kama hiyo njia ya kanisani lori inaweza kupita."

Mnaijua kaunti yetu. Kila nyumba inayoota Mlolongo na Nairobi inakula mchanga wa mto fulani, na mto ukishachotwa hadi mwambani, wanawake wa pale hutembea masaa kutafuta maji. Shirika letu lilikuwa linapigana na jambo hilo miaka yote, na mimi, mwandishi wake, nikidhani bwawa lenye ukuta ni habari nyingine, nilikuwa nimewachorea wenye malori ramani na kusifia bidhaa. Niliketi nikashika kichwa. Nawaambia bila kuficha, nililia.

Kesho yake nilikuwa kwa Mama Syombua. Hakunikaribisha ndani. Alikuwa amesimama ukutani mwa bwawa na wenzake, na chini yao, upande wa juu wa mto, palikuwa na shimo kubwa na alama za magurudumu.

"Lori mbili jana jioni," alisema. "Naibu chifu amesimamisha kwanza. Baraza ni Ijumaa. Huyo broka, Kyalo, ameahidi vijana kazi ya kupakia, na wazee amewaambia anatusafishia dam bure kwa sababu imeharibika, imejaa mchanga. Ako na karatasi yako."

"Si nyinyi mnajua maji iko ndani?"

"Sisi tunajua. Tulibeba mawe miezi mitano, mwaitu, mama yetu, tutakosa kujua? Lakini sisi tukisema, wanasema ni maneno ya wanawake. Wewe ndiye mtaalamu. Na mtaalamu ameandika si neno."

Kama ardhi ingepasuka nisingehitaji kusukumwa. Ilikuwa Jumanne. Kama Ijumaa baraza lingekubali, kufikia mvua ya vuli bwawa lingekuwa tupu, na nyumba za vijiji viwili zingerudi kununua maji ya kubebwa na punda. Na jina langu lingekuwa juu ya karatasi iliyofanya hivyo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Muli. Nilimkuta ananoa patasi. Nilimsomea swali na jibu langu, nikangojea anikaripie. Aliuliza tu, "Uliona, ama uliambiwa?"

"Hata sikuambiwa, Fundi. Nilitunga."

Aliweka patasi chini. Kisha akaniambia nikirudi nyumbani nijaze debe mchanga, nimimine maji, nitoboe chini kwa msumari, nione. "Halafu utajua kitu cha kuwaambia. Mimi nikikwambia, utakuwa tu umeambiwa."

Nilifanya jioni hiyohiyo uani, mbele ya majirani waliodhani kustaafu kumeanza kunichanganya mapema. Nilichota udongo laini wa pale uani nikajaza debe. Nikamimina gorogoro moja ya maji, lile kopo la kupimia mahindi. Yakasimama juu kama supu. Nikatoboa kwa msumari: hakuna kitu. Nikangoja, nikatingisha debe, nikasema maneno ambayo sitayaandika. Asubuhi nilikuwa kwa Fundi tena, nikiwa na hasira, kumwambia mchanga wake hautoi maji.

Alipoona kucha zangu alicheka hadi miwani ikaning'inia kwenye uzi. "Hiyo ni tope, mama, si mchanga! Lakini usitupe. Umejifunza ile kubwa." Akanieleza, na safari hii niliandika kila neno daftarini. Ukiuacha ukuta mrefu bila mchanga nyuma yake, mafuriko yakija maji yanatulia pale, na kinachozama kwenye maji yaliyotulia ni lile tope laini. Ndiyo maana yeye huinua ukuta kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, maji yapite kwa kasi, tope liende zake na mchanga mzito ubaki. Mimi nilikuwa nimewaandika mafundi wakiinua kuta kwa awamu kwa miaka kumi na mitano. Nilidhani ni kwa ajili ya uhaba wa saruji.

Siku ya Jumatano na Alhamisi nilirudia jaribio hadi mikono ikazoea, mara kwa mchanga wa mto, mara kwa tope, mara kwa vyote viwili. Ukiniuliza ni lini nilikuwa mtaalamu, nitakwambia ni siku hizo mbili, na hazikutosha.

Ijumaa nilifika mapema nikamwambia Mama Syombua nahitaji debe la mchanga kutoka bwawani na debe la tope kutoka silanga ya shule. Silanga ile ni shimo la wazi la maji ambalo wakati huo lilikuwa limekauka na kupasukapasuka. Nilidhani atamtuma mtu.

"Kwa mwethya mtu hasemi kama hajabeba," alisema, akanirushia mukwa, ule mkanda wa kubebea mzigo unaopita kwenye paji la uso. "Beba."

Nilibeba. Kutoka bwawani hadi uwanja wa baraza ni kilima, na mchanga haujui heshima ya umri. Nilibeba debe la kwanza, nikashuka, nikaenda silanga, nikabeba la pili. Wale akina mama walitembea nami bila kunisaidia na bila kunicheka. Nilipotua la pili paji langu lilikuwa na mstari mwekundu, na Mama Syombua akanipa maji ya kunywa kwa mkono wake.

Kyalo alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, shati jeupe, maneno laini. Naibu chifu alipomruhusu, alisimama na karatasi zangu mkononi.

"Wazee wangu, na mama zangu, mimi sikuja kuiba. Dam ikijaa mchanga si imekufa? Nikitoa hii mchanga mtabaki na maji mingi, wazi, kama ziwa. Ng'ombe watakunywa bila kuchimbiwa. Na vijana wako na kazi. Si mimi nasema hivyo, ni mtaalamu wao mwenyewe, kwa internet." Akasoma jibu langu, neno kwa neno, kwa sauti nzuri ya redio. Vijana wakapiga makofi.

Nikasimama.

"Hayo maneno ni yangu," nilisema. "Niliyaandika bila kujua, nikiwa nimekaa mjini. Nilikosea."

Mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma, "Na sasa unajua?"

"Sasa nimeona, baba. Na nyinyi mtaona, kisha mtaamua." Nikamgeukia Kyalo. "Maji ya wazi unayotuahidi tunayo tayari. Silanga ya shule. Nani amechota huko wiki hii?"

Watu wakacheka, maana hapakuwa na tone. Nikavuta debe la tope nikawaonyesha limetoka wapi. Nikamwomba naibu chifu mwenyewe amimine maji kwa gorogoro. Moja ilisimama juu, ikabaki inatutazama. Nikatoboa chini kwa msumari. Tukangoja. Likatoka tone moja jeusi, kisha hakuna.

"Hii ndiyo itakayojaa nyuma ya ukuta wenu mkiondoa mchanga," nikasema. "Mvua ya kwanza italeta hii, si mchanga."

Nikavuta debe la pili. Lilikuwa limejaa mchanga hadi mdomoni, na watu waliliona. Naibu chifu akamimina gorogoro moja, ikapotea. Ya pili, ikapotea. Sasa watu walikuwa wanasogea, na waliokuwa nyuma wamepanda mawe. Ya tatu ikapotea. Mtu akasema, "Aiii!" Ya nne ilifika nusu ndipo maji yakachungulia juu ya mchanga. Nikashika msumari, nikagonga kwa jiwe.

Maji yakaruka mstari mwembamba, safi, yakamlowesha naibu chifu viatu. Mama Syombua akakinga kikombe, akampa. Alikiangalia, akatuangalia, akanywa chote. Hapo akina mama walipiga vigelegele hadi walimu wa shule ya jirani wakatoka madarasani, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nikaruka kama mtoto. Sikumbuki kuwahi kufurahi hivyo kazini, wala sioni sababu ya kujizuia kulisema.

Kyalo alijaribu kusema kitu kuhusu kazi ya vijana. Kijana mmoja wa wale waliopiga makofi alimkata: "Buda, mchanga inabaki. Wachana nayo." Baraza likaamua hivyo, na lile shimo la malori mawili vijana wenyewe wakalizungushia mawe na miiba ili lijazwe na mvua.

Jumanne nilikuwa kwa Hassan. Niliondoa njia kwenye makala, na tangu siku hiyo blogu yetu haitaji kona wala kanisa. Anayetaka kutembelea anaandika na tunajua ni nani. Lakini jibu langu sikulifuta. Niliandika juu yake kwamba ni kosa, ni langu, na nikaeleza madebe mawili hatua kwa hatua, pamoja na lile tope la uani lililonitia hasira. Hassan alisema hakuna mtu anayekubali kosa kwenye intaneti, watanimaliza. Makala ile ilisomwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Walimu waliifanya darasani, vikundi viliifanya kwenye mikutano, na watu walinitumia picha za madebe yao, mengine yakiwa ndoo za rangi. Kila aliyeuliza jambo nisilolijua nilimjibu, "Sijui, nitakwenda kuangalia," nikaenda. Mwezi wa kumi, vijiji viwili vilikuwa bado vinachota kwenye mchanga wa akina Mama Syombua.

Mwezi huohuo Kyalo alikuja ofisini. Nilidhani amekuja kugombana. Alikaa ukingoni mwa kiti, akazungusha kofia.

"Mama, nilisoma ile ingine. Ya kurekebisha. Kwetu mto umekauka kabisa. Mamangu ni mzee na anatembea mbali. Inaweza rudi?"

"Sijui," nilimwambia. "Twende tuangalie."

Tulikwenda na Fundi Muli. Mto ulikuwa mwamba mtupu na matope yaliyokauka, na mchanga kidogo kwenye kona. Mama yake Kyalo alishuka polepole kwa fimbo, pamoja na wanawake wengine wachache. Fundi alimwuliza zamani maji yalikuwa yanadumu wapi hadi mwisho wa kiangazi. Yule mama akaonyesha kwa fimbo mahali pamoja chini ya kingo, bila kusita.

Kyalo alivua kofia na kusema mbele yetu sote, "Mama, ni mimi nilichota hapa. Lori yangu ya kwanza. Ilikuwa usiku."

"Najua," mama yake akamjibu. "Nilikuona." Akampa fimbo amshikie, akainama, akaanza kumwonyesha Fundi mahali pa kuweka ukuta.